Siku Tuliyovaa Tukangojea Treni

Juzi nilimsikia mtu mmoja wa ofisini akisema mbele za watu kwamba Kindu haijawahi kuwa na treni ya watu wa mjini. Treni ya Kindu, alisema, njo ile ya safari ndefu tu, ya kwenda Kongolo na Katanga. Sikumwacha amalize. Nilimwuliza alizaliwa mwaka gani, akacheka, akidhani ni utani wa mama mzee. Haukuwa utani. Treni hiyo niliipanda asubuhi na jioni, miaka mingi ya ujana wangu, nikiwa na beseni la mikate kichwani na mtoto mgongoni, na mtu aliyeiendesha alikuwa mume wangu.

Ilikuwa treni fupi. Mashini ya mafuta ya mazutu mbele, vago mbili, mabehewa ya mbao yenye mabenchi, na nyuma yake vago moja isiyo na paa. Wabelgiji waliianzisha kwa faida yao wenyewe. Karakana za reli na bandari zilikuwa mjini, karibu na mto, na wafanyakazi walikuwa wamejengewa kambi mbali, upande wa kusini, kupita mashamba ya Mikelenge. Mzungu hakutaka mtu achelewe kazini, basi kila asubuhi treni iliwakusanya kambini na kuwashusha mlangoni mwa karakana, jioni ikawarudisha. Wanawake hawakuruhusiwa kupanda. Mama yangu, aliyefika hapa kutoka Kasai akiwa bibi arusi wa fundi wa reli, alikwenda sokoni kwa miguu miaka yote ile, huku vago zikimpita nusu tupu.

Baada ya uhuru hakuna aliyetangaza lolote. Siku moja wanawake walipanda tu, na hakuna aliyewashusha. Kisha vita vikaja, treni ikasimama, majani yakaota katikati ya reli. Ilipoanza tena, haikuwa tena treni ya wafanyakazi peke yao. Nchi ilipobadilisha jina tukawa Wazaire, treni ilikuwa imekwisha kuwa yetu sote. Vago ya kwanza walikaa watu wa karakana, ya pili wanafunzi na wauguzi wa hospitali, na ile isiyo na paa ilikuwa ya wamama: sombe ya majani ya muhogo, muchele, mawese, ndizi za kupika, kuku waliofungwa miguu. Jioni ilirudi na chumvi, sabuni na samaki wakavu. Ilibeba wagonjwa. Ilibeba maharusi. Mara moja ilimbeba maiti wa mwalimu wetu, na abiria wote walisimama mpaka mjini kwa heshima yake.

Katikati ya kambi na mji kulikuwa na kituo kimoja kidogo, mahali palipoitwa Kwa Mawese kwa sababu ya kinu cha kale cha mafuta. Hapo njo kwetu. Baba yangu alipostaafu alipata kiwanja hapo, akajenga, na nilipoolewa na mashinisti, dereva wa treni hiyo, tukaishi katika nyumba hiyo. Kituo chenyewe hakikuwa na jengo. Palikuwa na udongo uliopigwa na miguu ya watu, na kibao kilichochakaa. Lakini kila asubuhi, nilipomsikia mume wangu akipiga honi kwenye kona, nilijua nina muda wa kufunga kitambaa na kubeba beseni.

Kisha akaja shefu mpya wa gare, kile kituo kikuu cha mjini.

Alitoka mbali, sitasema wapi. Alikuwa mtu mnene, msafi sana, amevaa abakosti, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alipoona treni yetu ikiingia mara ya kwanza, na wamama wakishuka na vikapu, na kuku mmoja akikimbia kwenye sakafu ya gare, alifunga macho kama mtu anayeumwa na jino. Wiki ile ile aliita mashinisti na wafanyakazi wote, akasema mbele yao kwamba vago isiyo na paa inaondolewa, na kwamba treni haitasimama tena Kwa Mawese. Itatoka kambini moja kwa moja mpaka gare. Treni ya kazi ni ya kazi.

"Na sisi hatufanyi kazi?" nilimwuliza mume wangu jioni ile.

"Sikusema mimi," alijibu. "Amesema yeye."

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alipenda mashini yake, alipenda chakula chake kikiwa cha moto, na hakupenda kelele. Asubuhi iliyofuata alitupita. Nilimwona ameshika wenzo wa mashini kwa mikono miwili, hatazami pembeni. Jioni hakula.

Tukaanza kwenda kwa miguu. Barabara ya mashamba ilikuwa matope mpaka magotini wakati wa mvua, kwa hiyo tulipita juu ya reli, tukirukia taruma moja hadi lingine, na mizigo kichwani. Mwenzangu wa njia alikuwa jirani yangu, muuza sombe, mwanamke wa sauti kubwa aliyenizidi umri. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye njo alinifundisha kuuza, na alipocheka watu wa kambini walimsikia.

Katika njia hiyo kuna daraja, si refu, juu ya kijito. Pembeni hakuna mahali pa kusimama. Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa katikati ya daraja treni ilipotokea nyuma yetu. Wengine walikimbia wakavuka. Mimi nilivuka. Yaya alikuwa na mzigo mzito, akageuka kutazama, mguu wake ukaingia kati ya mataruma, akaanguka kando, chini kwenye mawe ya kijito. Nilisikia mfupa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufunga breki. Mashini ilisimama inalia, karibu sana na pale alipoangukia. Alishuka, akateremka majini na viatu vyake vya kazi, akambeba yaya mgongoni, akamlaza ndani ya mashini mwenyewe, pale ambapo abiria haruhusiwi. Akampeleka mjini, hospitali.

Yaya alipona, lakini mguu ule haukunyooka tena. Na mume wangu aliitwa na shefu.

"Nilikukataza kusimama njiani," shefu alimwambia.

"Kulikuwa na muntu."

"Treni si ambulansi. Ukisimama tena kabla ya gare, utaacha mashini."

Mume wangu alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kizingiti, anavua viatu ambavyo bado havijakauka. Mimi nilikuwa ninapepeta muchele. Niliweka ungo chini. Nakumbuka sikulia, na sikupiga kelele.

Miezi ilipita. Kisha ikaja habari kwamba mukubwa wa Chama cha Rais kutoka Kinshasa atatembelea Kindu, na ataanzia gare, kuonyeshwa reli. Wakati ule mukubwa hakupokelewa kwa mikono mitupu. Ilipaswa kuwe na animasyo: wamama wamevaa vitenge vyenye uso wa Rais, wanaimba, wanacheza, wanapiga makofi mpaka jasho liwatoke. Na kikundi kilichosifiwa kuliko vyote mjini kilikuwa cha kwetu, Kwa Mawese. Sababu ilikuwa rahisi. Tulikuwa tumezoea kuimba pamoja ndani ya vago.

Siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, tukiwa na majembe kwenye mtaro, mkubwa wa komuni, yaani wilaya yetu ya mjini, alikuja na kipaza sauti. Akasema kila kikundi kina usafiri wake. Wa Alunguli watavuka na boti. Wa Kasuku watatembea, wako karibu. "Na ninyi wa Kwa Mawese, treni itawaleta. Mungojee treni. Mutu asitembee, musije mukafika na vumbi."

Wamama waliitikia kwa vigelegele. Mimi nilibaki nimeshika jembe. Yaya alikuwa amekaa kando kwenye kiti, mguu umenyooshwa mbele, kwa sababu hata mgonjwa hakusamehewa salongo, alipaswa aonekane. Alinitazama, nami nikamtazama.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia."

"Treni haisimami hapa."

"Haisimami," nikasema. "Na hakuna aliyemwambia mashinisti aisimamishe."

Tulicheka mpaka mlinzi wa Chama akatuuliza kunani. Tukamwambia tunafurahia mgeni.

Hatukufanya mkutano. Mkutano ungekuwa kosa, na wakati ule kosa dogo lilikuwa na jela kubwa. Mwanamke alimwambia mwanamke mwingine kisimani, huyo akamwambia mwingine akisukwa nywele. Neno lilikuwa hili tu: tufanye kama tulivyoambiwa.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimpikia mume wangu lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Nilingoja aonje.

"Kesho utatukuta tumesimama kituoni," nilimwambia.

"Nitasimamisha," akasema. "Safari hii nitasimamisha, anifukuze akitaka."

"Usisimamishe."

Aliacha kutafuna.

"Shefu alikupa amri gani?" nikamwuliza.

"Nisisimame Kwa Mawese."

"Ameiondoa?"

"Hajasema kitu."

"Basi ifuate, baba. Pita."

"Nikupite wewe? Mama ya watoto wangu, umevaa, umesimama mbele ya watu, nikupite kama nguzo ya simu?"

"Unipite. Na usinitazame, utacheka."

Alikuwa mtu mwaminifu, alifikiri kila jambo mpaka mwisho wake. Nilimwona akifika mwisho. Alinawa mikono, akasema, "Hawatakuacha, unajua?" Nikasema ninajua. Akasema, "Wala mimi hawataniacha." Nikasema hilo pia ninalijua. Ndipo akaomba samaki mwingine.

Asubuhi tulikuwa pale wote. Tulivaa vitenge vipya, vile vilivyogawiwa, uso wa Rais tumboni na uso wa Rais mgongoni. Yaya tulimbeba na kiti chake. Tulijipanga mistari kando ya reli, tukaanza kuimba tangu mapema ili kila mtu wa mtaa aone kwamba tuko tayari na kwamba hatukukataa kitu. Honi ililia kwenye kona. Treni ikaja, vago mbili zimejaa wafanyakazi waliovaa abakosti, na mume wangu juu, kidevu kimenyooka kama askari wa gwaride. Alitupita. Upepo wa treni ulituinua vitambaa. Wafanyakazi walitutolea vichwa madirishani, wanashangaa, na sisi tukawapungia mikono tukiendelea kuimba.

Ikaondoka.

Sitasema hatukuogopa. Jua lilipopanda, mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alianza kulia, akasema afadhali tutembee, bado tutafika. Hakuna aliyemkaripia. Yaya alimwambia, "Mwanangu, tembea kama unataka. Mimi nimeambiwa ningojee treni, na mguu huu unajua ukitembea kinachotokea." Yule mama alifuta macho, akamnyonyesha mtoto wake, akabaki.

Kwanza tulisikia gari. Jipu ya gare ilikuja ikirukaruka kwenye matope, na ndani yake shefu mwenyewe. Abakosti ilikuwa imelowa mgongoni. Mgeni alikuwa ameshuka kwenye ndege, alikuwa anakuja, na pale gare palikuwa na wachezaji wa Kasuku peke yao, wachache, wamepoa.

"Mungali munafanya nini hapa?" alipiga kelele.

Nilikuwa mbele ya mstari. Nilijibu mimi. "Tunangojea treni, shefu."

"Treni imekwisha kupita!"

"Tumeiona."

"Kwa nini hamukupanda?"

"Haikusimama. Haisimami hapa."

Aliangalia wanawake wote wale, nyuso zote zile za Rais zinamtazama kutoka matumboni mwetu.

"Tembeeni! Haraka! Bado kuna saa moja."

"Mkubwa wa komuni alisema tusitembee," nikasema. "Alisema kwenye kipaza sauti. Njia ina matope, shefu. Unataka uso wa Rais ufike gare na matope?"

Dereva wa jipu aligeuka akatazama msituni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Shefu alirudi ndani ya jipu, ikaondoka. Baadaye tukasikia honi tena, safari hii kutoka upande wa mjini, na treni ikaja kinyumenyume, mashini inasukuma vago tupu. Na mwishoni kabisa, imeunganishwa kwa haraka, vago yetu isiyo na paa. Ikasimama Kwa Mawese. Mume wangu alishuka akatusaidia kupandisha kiti cha yaya. Aliponipita alinigusa kiwiko.

Tulipanda na vikapu. Sombe, ndizi, mawese, vyote tulivyokuwa tumevificha nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Mtu wa gare aliyekuja na treni akauliza vikapu vya nini, leo ni sherehe. Yaya akamjibu kwamba watu wa sherehe pia wanakula.

Tulicheza vizuri siku ile, lazima niseme. Hatukucheza kwa ajili ya Chama. Tulicheza kwa sababu tulikuwa tumekuja na treni. Mgeni alikuwa mtu mrefu mwenye miwani nyeusi. Alifurahi, akashuka kwenye jukwaa, akapita mbele yetu akitusalimu kwa mkono. Alipofika kwangu akauliza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwa nini wamama wa kikundi hiki kizuri wamechelewa.

"Tulikuwa tunangojea treni, mukubwa," nikasema. "Kwetu haisimami. Leo tu njo imesimama."

Akageuka, akatumia neno la wakati ule la kumwita mtu raia. "Haisimami, sitwayeni shefu?"

Shefu alikuwa nyuma yake, mweupe kama unga. "Inasimama," akasema. "Iko inasimama."

"Kila siku?"

"Kila siku, mukubwa."

Watu wengi walisikia. Asubuhi ya pili treni ilisimama Kwa Mawese, na vago isiyo na paa ilikuwa nyuma.

Niliitwa wiki ile ile, na mtu wa usalama. Alinikalisha ofisini kwake tangu asubuhi mpaka jioni, kwenye benchi, bila maji. Alitaka jina la aliyepanga.

"Kupanga nini?" nilimwuliza.

"Kuchelewesha sherehe ya Chama."

"Baba, mkubwa wa komuni alisema tungojee treni, tukangoja. Shefu alisema treni isisimame, haikusimama. Kama kuna aliyevunja amri, mimi simjui."

Aliandika, akafuta, akaandika. Angenifunga bila sababu kama angetaka. Wengi walifungwa bila sababu. Nadhani aliona kwamba akiandika maneno yangu kama yalivyo, yatawaumiza wakubwa wawili kabla ya kuniumiza mimi. Akaniambia niende, na kwamba ananijua sasa. Nilitoka mlango wa mbele.

Mume wangu hawakuweza kumshtaki, kwa kuwa alikuwa amefuata amri. Basi walimhamisha. Walimwondoa kwenye treni ya mjini wakampeleka kusini, Samba, kusogezasogeza vago za mizigo. Mimi nilibaki na watoto na beseni langu la mikate. Dereva mpya wa treni yetu alikuwa mtu mzuri, alisimama kila siku, lakini hakuwa yeye, na alipopiga honi kwenye kona ilikuwa honi nyingine.

Baada ya miezi kadhaa shefu alinitumia mke wa karani wake, mama mwenye heshima, tuliyesali naye kanisa moja. Alikaa kwangu, akanywa chai, akasema, "Dada, shefu si mtu mbaya. Njoo tu gare, umwombe msamaha mbele ya wafanyakazi. Mume wako atarudi mwezi huu."

Nilimwambia nitamwuliza mwenye jambo, mume wangu. Nilimpa ujumbe mtu wa breki za treni aliyekuwa akienda Samba. Nilingoja jibu, na katika kungoja huko nililegea, sioni haya kusema. Usiku mtoto wetu mdogo alikuwa akimtafuta baba yake kitandani. Kama jibu lingekuwa "nenda", ningeenda. Mtu wa breki aliporudi alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema maneno ya mume wangu kama yalivyotumwa: "Usiende. Hapa nakula vibaya lakini nalala vizuri."

Sikuenda. Mke wa karani alipokuja tena nilimpa chai, na mikate ya kupelekea watoto wake, nikamwambia sina msamaha wa kuomba. Aliinama kidogo kana kwamba mimi ni mkubwa wake. Sijui alimweleza nini shefu.

Shefu alihamishwa kabla ya mume wangu kurudi. Wakubwa wa aina yake walihamishwa kila mara, hakuna aliyetueleza sababu. Aliyemfuata alihitaji mashinisti anayejua ile kona, akamwita mume wangu. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita. Alifika mchana, juu ya treni ya mizigo, nywele zimeanza mvi, amebeba mfuko wa karanga za Samba. Watoto walimwonea haya kwanza. Yaya alikuja na fimbo yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia amekonda na kwamba kuanzia kesho sombe ya nyumba hii ni juu yake.

Treni iliendelea miaka mingine, ikizidi kuchakaa. Mazutu yalikuwa yanakosekana. Siku nyingine ilikuja, siku nyingine tulitembea. Vipuri havikuja tena. Vago yetu ilioza sakafu, tukaitandika mbao wenyewe. Mwishoni mume wangu aliegesha mashini kwenye karakana, na haikutoka tena. Lakini haikufa kwa amri ya mtu aliyechukia kuku wetu. Ilikufa kwa uzee, ikiwa na wamama ndani, ikisimama Kwa Mawese kila ilipoweza kutembea.

Jioni ile aliporudi kutoka Samba tulikula nje, karibu na reli. Watoto walipolala aliniuliza swali moja tu, kama ningelijua watampeleka mbali muda wote ule, je, ningemwambia apite?

"Ningekuambia upite," nikasema.

Alivunja karanga, akanipa nusu. "Na mimi ningepita," akasema. Kisha akaniuliza kama maji ya kuoga yako tayari, kwa sababu kesho alikuwa anaanza kazi mapema.